Kifua Changu Kilivyotafuta Mulozi

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, sababu mukiusikia kwa mutu mwingine atauongeza chumvi, na ulikuwa tayari na chumvi ya kutosha: nilimupokonya mama muzee kikombe mukononi kabla hajaonja.

Mutu wa kwetu akisoma hapo ameshaelewa, anaweza kuanza kunitukana. Mutu wa mbali nimueleze. Huku Ngungu, na nafikiri Masisi nzima, hakuna anayekupa kinywaji hivi hivi. Akikuletea pombe ya ndizi, ao maziwa, ao hata maji, anameza kwanza yeye, mbele ya macho yako, anapangusa ukingo na kidole gumba, kisha njo anakupa. Hakuna anayesema sababu. Ni kama kufunga vifungo vya suruali: unafanya tu bila kufikiri, lakini siku usipofanya, kila mutu anaona.

Tulikuwa vijana wanne wa darasa moja. Mpira wetu ulikuwa umevunja uzio wa mama mumoja muzee, mujane, anayeishi peke yake juu ya barabara na ng'ombe wake mumoja, na prefe, mukubwa wa shule, akatutuma tuurekebishe. Tulipomaliza, yule mama akatoka na kikombe kikubwa cha plastiki kimejaa mashanza, maziwa yaliyoganda vizuri, mazito, hata kijiko kingesimama ndani. Akakiinua kwenye mudomo ili aonje.

Nikakipokonya.

"Mama, wacha! Ukionja we, sisi tutaramba kikombe."

Nikayanywa karibu yote bila kupumua. Halafu, kwa sababu wenzangu walikuwa wanaangalia, na mimi mutu akiniangalia siwezi kutulia, nikajishika kifua, nikageuza macho, nikaanguka kwenye majani. "Ayi! Karuho! Amenimaliza! Mwambieni Mama anizike na telefone yangu!"

Wenzangu walicheka mpaka mumoja akakaa chini. Mama muzee alibaki na mukono hewani, vidole vimejikunja kama bado vimeshika kitu. Akasema tu, "Mwanangu, ile haichezewake."

Nilienda nyumbani nimeshiba.

Karuho njo ile sumu ya polepole. Haikuangushi leo. Wanasema inakaa kifuani, inakula mutu kutoka ndani, anakonda, anakwisha. Wanasema munganga wa hospitali haioni na mashine haioni; majirani tu njo wanaiona. Huku kwetu kijana akifa kwa risasi, tunajua ilitoka wapi ao tunanyamaza. Akifa na kifua, tunatafuta nani alimupa kitu cha kunywa.

Kifua changu kilianza kuuma wakati wa kuchimbua viazi. Tulikuwa kwenye mistari asubuhi, tunasalimu bendera. Nilivuta pumzi kubwa, sababu kwenye wimbo mimi hupenda kuimba sauti ya wamama, na hapo hapo mutu akanigongomea musumari upande wa kushoto, karibu na mufupa wa katikati. Sauti ikakatika. Nikajishika kifua. Prefe akaja na mwendo wake wa bata.

"Leo ni teatre gani?"

"Prefe, ni kifua."

"Kifua! Juma lililopita ilikuwa jino, na nilikukuta unatafuna muwa. Piga magoti."

Nikapiga magoti kwenye changarawe, kifua kinauma, shule nzima inacheka. Sikuwalaumu. Mimi pia ningecheka.

Nilidhani kitapita mbele ya saa ya kwenda nyumbani. Hakikupita siku hiyo wala juma hilo. Kiliuma nikikohoa, kiliuma nikigeuka kitandani, kiliuma nikiinua mufuko wa vitabu, na kibaya kuliko vyote, kiliuma nikicheka. Mutu kama mimi ukimunyima kucheka umemunyima bugali.

Kwanza niliogopa moyo. Mwaka uliopita kijana wa upande wa Muheto alianguka katikati ya mechi. Asubuhi amekula viazi kama sisi wote. Mbele ya jua kuzama watu wanamutafutia mbao za sanduku. Hakuna aliyejua alikufa na nini, kwa hiyo kila mutu alikuwa na jibu, na jibu moja lilikuwa moyo. Nikaanza kuweka vidole shingoni kuusikiliza wangu. Shida ya moyo ni kwamba ukiusikiliza, unajua unasikilizwa. Unaongeza mwendo. Ukishituka kwa ule mwendo, unaongeza tena.

Siku moja kwenye somo la hesabu ulikimbia mpaka nikadhani wa dawati la mbele anausikia. Pumzi ikawa fupi. Nikavuta nyingine, na nyingine, na kadiri nilivyovuta njo hewa ilivyokosekana. Midomo ikatambaliwa na siafu. Vidole vikakakamaa kama vya kuku aliyechinjwa. Nilitaka kusema "ninakufa" na sikuthubutu, sababu neno hilo nilikuwa nimelitumia sana kuchekesha watu, na lilikuwa limechakaa kama soksi zangu.

Mwenzangu wa dawati, mumoja wa wale tuliorekebisha uzio, akaniangalia. Hakucheka. Akainama karibu na sikio langu.

"Kaka. Na ile mashanza?"

Ngungu tunajua baridi, tunalala nayo. Lakini ile iliyonipanda mugongoni siku hiyo haikutoka mulimani. Kuanzia hapo moyo niliusahau. Nikaogopa kikombe.

Nikaanza kumuogopa yule mama. Nyumba yake iko kwenye njia ya shule, na kila asubuhi alikuwa anakata majani ya ng'ombe pembeni ya barabara, ananisalimia, "Umeamuka aje, mwanangu?" Zamani ningejibu, "Nimeamuka na miguu miwili, Mama, nimehesabu." Sasa nilikuwa napita chini kabisa, ndani ya mashamba ya watu, nakanyaga viazi vyao, nafika shuleni na matope mpaka magotini. Nilikuwa nimekumbuka ukali wa yale maziwa kwenye ulimi. Mashanza yote ni makali. Lakini ya kwake, nilijiambia, yalikuwa makali namna nyingine.

Mama yangu sikumwambia. Mama ana maneno machache na mukono mwepesi. Papa yuko Walikale kwenye mashimo ya madini, anarudi wakati barabara inataka. Badala ya kusema, nilijitibu. Kwenye duka la chumvi na sabuni wanauza kapsili za rangi mbili, nyekundu na njano, dawa ya kila kitu: kidonda, mafua, na yale magonjwa ya wakubwa wanayonunua wakiangalia pembeni. Nilikuwa nameza moja kila jioni, kavu, bila maji, sababu mutungi wa maji unakaa kwenye chumba cha Mama na angeuliza. Halafu nalala papo hapo, nimejifunika kichwa.

Maumivu yakapata ndugu. Musumari ulibaki mahali pake, lakini sasa katikati, nyuma ya mufupa, kulikuwa na kaa la moto. Kila tonge lilishuka likikwaruza, likasimama pale pale, likaunguza. Nikaacha kula. Jumamosi niliendelea kusukuma chukudu, kile kigari chetu cha mbao cha magurudumu mawili, kupandisha magunia ya viazi vya watu mpaka sokoni, sababu njo kazi inayonilipia masomo. Nilirudi nimechoka kupita zamani. Suruali ikaanza kunilegea. Nilikuwa ninakonda, na kila mutu anajua karuho inamukondesha mutu.

Mama aliona sahani.

"Unauma wapi?"

"Hapa."

"Tangu lini?"

Mbele sijatafuta uongo, dada yangu mudogo akajibu na mudomo umejaa maharagi. "Tangu akunywe mashanza ya ule mama bila ya kuonjewa. Shule yote inajua. Yeye mwenyewe alisema ni karuho, akaanguka."

Mama akaweka mwiko chini. Akatoka nje, akapanda pale juu telefone inapokamata, akamuita ndugu yake aliye Pinga.

Mujomba wangu alifika na moto, ile pikipiki yake, matope mekundu mpaka kwenye nyusi. Ninamupenda sana huyo mutu. Analima, anawinda, anaomba Mungu kwa sauti ya kuangusha majani, na anajua mizizi ya pori ambayo babu yake alijua. Haoni shida kati ya hayo. Alinishika kidevu, akaniangalia macho, na kwa mara ya kwanza maishani hakunitania.

"Nani alikupa?"

Nikataja. Sikusema "nilimupokonya." Nilisema "alinipa."

Akachemsha mizizi. "Sumu inatokea kwenye mulango iliingilia," alisema. Nilikunywa katikati ya kiwanja, mchana, majirani wamesimama pembeni mikono kifuani, kama watu waliokuja kuona mechi. Ile dawa ni chungu, sina mufano. Ukiiweka karibu na pilipili, pilipili inaomba pole. Nilitapika mpaka macho yakataka kutoka pia. Na kwenye udongo, mbele ya wote, vikaonekana vipande vyeupe, vimegandana.

Majirani wakasogea karibu. Kisha mama mumoja akasema polepole, "Mashanza."

"Ile ile," akasema mwingine. "Mwangalie! Imekaa ndani wakati huu wote."

"Yesu," akasema Mujomba.

Hakuna aliyeuliza nilikula nini asubuhi. Mimi mwenyewe sikujiuliza, na mimi njo nilikunywa ule uji.

Vijana wakubwa wa kilima walikuwa hapo. Mumoja, anayetengeneza baiskeli pale sokoni, akasema, "Kesho tunaenda kwake. Tutamuuliza vizuri." Wengine wakaitika. Nilijua maana ya kuuliza vizuri. Kwenye kilima kingine walimuuliza muzee mumoja vizuri, na palipokuwa nyumba yake palibaki miti minne imesimama, myeusi, na mbuzi wa watu wanajikuna hapo.

Nitasema kitu ambacho sikumwambia mutu wakati ule. Nilikuwa na maneno mudomoni. Nilijua kikombe kilikuwa kimefika kwenye midomo yake, alitaka kuonja, mimi njo nilimukataza. Ningesema hayo, pengine wangetulia. Lakini kama si yeye, basi ni nini kilikuwa kifuani mwangu? Basi ni moyo, kama yule wa Muheto. Nilipendelea iwe yeye. Mulozi, mutu wa kuroga, unaweza kumubembeleza, unaweza kumutisha, anaweza kuondoa kitu chake. Moyo ukiamua hauna mutu wa kuongea naye. Njo vile nilinyamaza, na uoga wangu ukaendelea kutafuta nyumba ya kuchoma.

Watu walipoondoka, Mama akachuchumaa mbele yangu.

"Ule mama alikataa kuonja, ao we njo ulimukataza?"

Niliangalia chini. Kwa mama yangu, kuangalia chini ni jibu lenye sahihi.

"Kesho mapema tunaenda santre ya afya," akasema.

"Dada, munganga haionake karuho," akasema Mujomba.

"Aangalie ile anaona."

Alfajiri tulipanda moto watu watatu: Mujomba mbele, mimi katikati, Mama nyuma amenishika kiuno. Barabara yetu ni mawe yaliyokosana. Kila jiwe liligonga musumari. Nilikuwa nahesabu moyo, napoteza hesabu, naanza tena, na nyuma nasikia Mama anaomba, na mama yangu si mutu wa kuomba kwa sauti.

Munganga alikuwa mwanamuke, kijana kidogo, macho ya mutu ambaye hajalala. Aliuliza maswali mengi na hakunisaidia kujibu. Ninakohoa? Ninatoa damu? Joto, jasho la usiku? Nilishawahi kuzimia? Nyumbani kuna mutu aliyekufa ghafla akiwa kijana? Nikipanda mulima mikono mitupu, inauma zaidi? Nikafikiri. Hapana, mikono mitupu hapana. Inauma nikijigeuza. Akapima presha, akasikiliza mbele na nyuma kwa muda mrefu, na huo muda wote niliangalia uso wake kama mutu anayesoma matokeo ya mutihani kichwa chini.

"Nionyeshe na kidole kimoja."

Nikaonyesha. Akaweka cha kwake hapo hapo, akabonyeza.

"Mama yangu we!"

Kuku waliokuwa kwenye mulango walikimbia. Akabonyeza chini yake kidogo: nikalia tena. Akabonyeza upande wa kulia: kitu hakuna.

"Jumamosi unafanya nini?"

"Ninasoma, madame."

Mama akakohoa.

"Ninasukuma chukudu."

"Onyesha unasukuma aje."

Mujomba akashika benchi la wagonjwa, likawa chukudu. Sasa hapo njo nilitamani ardhi inimeze, sababu kusukuma kwangu si kwa watu wote. Watu wote wanainama, wanashika pembe za mbele za usukani, wanasukuma na mikono. Mimi, kwenye mupando wa soko, pale wasichana wanauza karoti, ninaweka mikono mufukoni. Ninalaza kifua juu ya pembe ya chukudu, ninasukuma na mufupa, ninapiga mluzi. Watoto wananifuata wanapiga makofi. Nimefanya hivyo tangu mwanzo wa mavuno. Nilisimama mbele ya benchi, nikatia mikono mufukoni, nikalaza kifua.

Mama aliangalia paa.

"Na magunia yako juu?" akauliza munganga.

"Ndiyo, madame. Siku ya soko yanaongezeka."

Mujomba akaanza kucheka, akakumbuka mahali tulipo, akaacha.

"Umeshatafuna kile kitu cheupe mwisho wa mufupa wa kuku?" akaniambia munganga. "Mbavu zako zinashikana na mufupa wa katikati kwa kitu kama kile. Yako imevimba. Inauma ukivuta pumzi, ukicheka, ukibonyezwa."

"Na ule moto wa katikati?" akauliza Mama.

"Umemeza nini, we kijana?"

Nikataja kapsili. Nikasema bila maji. Nikasema ninalala palepale. Nikasema na ile mizizi ya kunitapisha. Alifunga macho kidogo.

"Ile ikikwama kwenye njia ya chakula inachoma kama majivu ya moto. Na mutu aliyekutapisha alipitisha mateso mahali pa kidonda." Mujomba akaangalia viatu vyake. "Musifikiri kifua ni nyumba ya moyo peke yake. Kuna wapangaji wengi mule: mifupa, nyama, mapafu, njia ya chakula. Yeyote akipiga kelele, ninyi munamushitaki mwenye moyo, ao munamushitaki jirani."

"Lakini darasani nilikosa hewa," nikasema. "Ile haikuwa mbavu. Nilikuwa ninakufa kweli."

"Uliogopa. Mutu akiogopa anavuta hewa kupita kiasi, vidole vinakakamaa, anadhani anakufa. Sisemi ulidanganya. Mwili ulifanya kweli. Uoga njo ulikuwa dereva."

Mama akauliza lile swali tulilokuja nalo. "Na sumu?"

"Mama, mimi sumu sikuiona hapa. Nimeona kijana aliyejitengenezea ugonjwa kwa mikono yake, tena bila mikono."

"Na yale meupe alitapika?" akauliza Mujomba.

"Alikula nini mbele ya kutapika?"

Mama akageuka polepole, akamuangalia ndugu yake. "Uji wa muhogo na maziwa. Mimi njo nilimupa."

Munganga aliniambia niache chukudu mpaka kifua kinyamaze, niache kapsili za dukani, kitu cha kumeza nikimeze na maji mengi nikiwa nimekaa. Akaniambia pia hafungi mulango: nikizimia, ao nikikosa hewa nimetulia, ao nikikohoa damu, ao kifua kikinibana kwa jasho baridi wakati ninapanda mulima, nirudi mbio, watanituma Goma kwenye mashine ya moyo. Nilitaka kufurahi. Nilikuwa nimeanza hata kutafuta utani wa kumuachia. Lakini Mama alikuwa amesimama tayari.

"Wale vijana walisema wanaenda kwake leo."

Sijui tulirudi namna gani. Ninakumbuka tu kwamba sikuhesabu moyo tena. Niliona moshi kwenye kona na roho ikanitoka, kumbe ni mutu anachoma mabaki ya mahindi.

Walikuwa wamefika. Uzio ulikuwa umelala chini. Mama muzee alisimama mbele ya mulango, mufuko wa nguo kichwani, kamba ya ng'ombe mukononi, tayari kwenda, bila kujua wapi. Hakulia. Alikuwa anaangalia ng'ombe tu, kana kwamba watu wote wale ni mvua na ataingoja ipite. Yule fundi wa baiskeli alikuwa na bido ya njano, dumu kama la petroli, na sikuuliza kuna nini ndani.

Niliruka kutoka kwenye moto. "Si yeye! Ni chukudu!"

Wakacheka. Ninasema kweli, walicheka.

"Mutu huyu! Hata akikufa atachekesha."

"Ni chukudu, ninaapa! Na kapsili! Na uji!"

"Amemuroga na kichwa sasa," akasema fundi. "Munaona? Sumu imepanda."

Nikaanza kulia. Mumoja akasema, "Anaiga vizuri, hee." Hapo njo nilijua uoga wenyewe unafanana aje. Ule wa darasani ulikuwa wa kujiogopea. Nilikuwa nimepoteza maisha yangu yote kuwafundisha watu hawa wasiniamini, na walikuwa wanafunzi wazuri.

Mujomba akashuka. Ni mutu mukubwa. Watu wakaacha nafasi.

"Jana mimi njo nilitafuta jina la huyu mama. Leo mimi njo ninaliondoa. Sumu haina mahali pa kuweka kidole. Muje muone." Akanibonyeza kwenye ubavu. Nikapiga ukelele uliofika Walikale. "Muje, muje. Kila mutu abonyeze."

Na wakaja! Nafikiri nusu ya vijana wa Ngungu walinibonyeza kifua siku hiyo. Kila mumoja alitaka kuhakikisha. Hapa? Ayi! Na hapa? Hapana. Na hapa? Ayi, mutoto wa watu! Fundi wa baiskeli alikuja wa mwisho, akabonyeza kwa nguvu ya mutu anayetafuta tundu kwenye tairi.

"Na yale meupe?" akasema, bado ameshika bido.

Mama akasimama mbele yake. Anamufika kwenye bega.

"Meupe ni uji wangu. Mimi njo nilipika, mimi njo nilimupa, na mimi pia sikuonja. Anza na mimi."

Fundi akaangalia bido yake kama kitu alichookota. Mimi nikasema, na sauti ilikuwa ndogo, sauti ya mutu mwingine: "Alitaka kuonja. Kikombe kilikuwa kwenye mudomo wake. Nilimupokonya. Lile neno la karuho nililitoa mimi wa kwanza, kwa kucheka."

Waliondoka mumoja mumoja, kama watu waliokumbuka wana viazi kwenye moto.

Mama muzee alishusha mufuko. Kamba hakuiachia. Akaniangalia.

"Kifua bado inauma?"

"Bado kidogo, Mama."

"Pole."

Akaingiza ng'ombe, akaingia, akafunga mulango. Hakusema amesamehe. Nilisikia anasukuma kitu kizito nyuma ya mulango ili usifunguke.

Kifua kilichukua muda. Kaa la moto lilizimika mapema. Musumari uliondoka polepole, ukirudi kila nilipocheka sana, na nikajifunza kucheka kidogo kidogo kama mutu anayekunywa chai ya moto. Hata leo, nikiamuka usiku na kitu kinanigusa upande wa kushoto, vidole vinakimbia shingoni mbele sijavikataza.

Siku ile tulishuka nyumbani kwa miguu, Mujomba akisukuma moto nyuma yetu bila kuuwasha. Mama alitangulia. Hakugeuka, hakunipiga, hakuongeza mwendo. Tulipofika kwenye mulango wetu njo akasema, na ninaandika kama alivyosema:

"Kifua itapona. Ule mama, sijui. Kesho, mbele ya masomo, utaenda kumukatia majani ya ng'ombe yake, na kesho kutwa vile vile, mpaka yeye mwenyewe akwambie basi. Na usimuchekeshe."